Mfuko Kwenye Mlango wa Kushoto

Tangu nirudi, kila Jumapili mnanizingira nje ya kanisa kabla hata sijavuta pumzi. "Mama Nekesa, ni kweli ulisafiri siku mbili na mkwe wako kwenye gari moja?" Mmoja amesikia tulifungiwa ndani kama kuku wa sokoni. Mwingine amesikia polisi walitukamata. Nimechoka kueleza vipande vipande huku mnatazamana. Kwa hiyo nimeketi nikaandika yote, na daftari hili litapita nyumba kwa nyumba hapa Buruburu. Atakayeniuliza tena nitamwonyesha daftari.

Kwanza nikubali jambo moja. Mimi ni mtu wa shaka. Marehemu Baba Nekesa alikuwa akisema kwamba mimi nikipewa salamu nauliza ni za nini. Lakini shaka yangu haikutoka hewani. Alipofariki kule nyumbani magharibi, hakuna aliyeniambia. Shemeji alipiga simu akasema, "Njoo, mzee anaumwa kidogo." Wakaja kunichukua, wakanyamaza njia nzima, wakaninunulia soda ambayo sikuiomba. Nilipofika nilipenyeza mkono chini ya shuka nikamshika mguu. Ulikuwa baridi. Ndivyo tunavyofanyiana sisi watu wa magharibi: habari ya kifo haipitishwi kwenye simu, unaletwa polepole mpaka uione mwenyewe. Tangu siku hiyo mtu akinifanyia upole bila sababu, nashuku kuna msiba.

Sasa mtaelewa.

Kariokor na Komarock, kabla ya kuondoka

Nekesa, binti yangu wa pekee, ni mwalimu kwenye shule moja mbali kupita Maralal. Huko mtandao haupatikani mpaka upande kilima. Kila Jumamosi alikuwa akikipanda, ananipigia, tunacheka mpaka simu yake inazima. Halafu zikapita wiki tatu bila sauti yake. Ulikuja ujumbe tu: "Niko sawa, Mama. Mtandao ni mbaya." Nekesa haniandikii "Mama". Tangu apate simu yake ya kwanza ananiandikia "Mamangu". Nikajiuliza ni nani huyu anayeniandikia kwa jina la mtoto wangu.

Wakati huohuo Barasa akatokea. Barasa ni mume wa Nekesa, fundi wa kuchomelea mageti na grili za madirisha kule Komarock. Hakuingia ndani kwangu, na alifanya vyema. Kwetu mama na mume wa binti yake hawakai chumba kimoja, hawashikani mikono, hawali pamoja, na hawatazamani usoni. Najua wengine wenu mnacheka. Chekeni, lakini hiyo ndiyo heshima yetu. Alisimama nje ya lango, akamwita jirani yangu Halima, yule anayeuza maturubai Eastleigh. Nekesa alipokuwa mbali, Halima ndiye aliyekuwa mdomo kati yangu na Barasa.

"Anaenda kumwona Nekesa," Halima akaja kuniambia. "Anasema muende pamoja. Lakini ile gari yake anataka kuitoa milango ya chuma. Anataka ya turubai, nyepesi. Yeye atengeneze fremu, wewe ushone."

"Kwa nini aing'oe milango mizima?"

"Mimi nimeambiwa tu nikuambie. Ati chuma ni nzito, barabara ya huko ni mbaya."

"Barabara imekuwa mbaya mwaka huu?"

Halima alitazama viatu vyake. Nimeishi na Halima miaka kumi na tisa, na huyu ni mtu anayekutazama machoni hata akikudanganya bei. Nikaliweka hilo moyoni.

Nilikubali kushona kwa sababu moja: nilitaka kwenda, na gari lisingeondoka bila milango. Hilo gari lenyewe mnalijua, kile kijipu kifupi cha milango miwili ambacho Barasa alikiokota kikiwa mifupa mitupu akakifufua. Alikunja mabomba membamba kufuata umbo la uwazi wa mlango, akayachomelea, akaweka bawaba zinazoingia kwenye pini zilezile za milango ya zamani. Vipimo alivichora kwenye karatasi za mifuko ya saruji, Halima akaniletea. Mimi nikaenda sokoni Kariokor kutafuta mikanda ya ngozi ya kuzuia mlango usifunguke kupita kiasi, na vipande vya tairi kwa wale mafundi wa viatu vya akala, vya kuweka pembeni upepo usiingie.

Kushona turubai si kushona sketi. Sindano tatu zilivunjika siku ya kwanza. Uzi niliupaka nta ya mshumaa ndipo ukapita. Plastiki angavu ya dirisha ilinata chini ya mguu wa cherehani mpaka nikaitandikia gazeti, nikashona juu yake, kisha nikalichana gazeti. Na turubai haisamehe. Ukikosea kwenye nguo unafumua, lakini hapa kila tundu la sindano linabaki pale milele likikucheka. Kila mshono niliushona nimebana pumzi.

Mlango wa kulia ulikuwa wa kawaida. Kwenye mchoro wa mlango wa kushoto, chini kabisa, Barasa alikuwa amechora mfuko. Si mfuko wa kuweka karatasi. Ni mfuko unaotokeza nje, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, mpana wa kuingia chungu, wazi upande wa ndani ya gari na wazi tena juu kwenye ncha, na chini yake kijiti cha chuma cha kuubeba.

"Huu ni wa nini?" nikamuuliza Halima.

"Wa vifaa. Spana, jeki."

"Jeki inakaa nje ya mlango?"

"Mama Nekesa, shona tu, tafadhali."

Alisema tafadhali. Usiku ule sikulala. Mwanzo nilifikiri ni magendo, kwamba mkwe wangu anataka kubeba vitu vya siri mgongoni mwa mama mzee ili polisi wasimshuku. Ilipofika asubuhi nilikuwa nimewaza jambo baya zaidi. Gari dogo. Milango migumu imeondolewa. Kitu kirefu kisichokunjika kinachotokeza upande mmoja. Mimi mwenyewe nimeona marehemu wakisafirishwa kwa magari madogo kuliko wao, miguu ikibaki nje. Nililia juu ya cherehani, kisha nikaendelea kushona, maana kama nilikuwa namshonea mtoto wangu, hakuna fundi mwingine ambaye ningemwachia kazi hiyo.

Sikumuuliza mtu tena. Niliogopa kuambiwa anaumwa kidogo.

Buruburu hadi Gilgil

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mimi nilikaa nyuma, kwenye kibenchi cha pembeni, na kati yangu na dereva nilitundika leso aliyonipa Halima. Ilikuwa imeandikwa *Mdhaniaye ndiye siye*. Nilidhani ananitania. Halima akanifungia mlango wa nyuma, ambao kwa gari lile hufunguliwa kwa nje tu, ndivyo lilivyozaliwa. Kisha akamfungia Barasa mlango wake na zipu ya dirisha kwa sababu ya baridi. Akanishika mkono akaubana kwa muda mrefu. Halima si mtu wa kushika watu mikono.

Milango ilifanya kazi, na hilo mniruhusu nijisifu. Kupanda Limuru upepo uliipiga ikawa inavuma kama ngoma ya Jumapili, lakini hakuna mshono ulioachia. Tukashuka bondeni, tukapita Naivasha. Mkwe akiwa na la kusema aliliambia kioo cha mbele.

"Mtu akisikia baridi, kuna blanketi chini ya benchi."

Na mimi nikaliambia paa la gari, "Mtu hasikii baridi."

Nje ya Gilgil polisi akatusimamisha. Akazunguka gari, akagonga turubai kwa kidole.

"Hii ni mlango ama ni tenti? Dereva, shuka."

Barasa hakushuka. Nilimsikia akijikunyata kwenye kiti.

"Nimesema shuka."

"Siwezi, afande."

"Huwezi ama hutaki?"

"Mlango unafunguliwa kutoka nje."

Hapo ndipo nilipojua nilichofanya. Barasa hakuweka kitasa kwenye mlango wowote kati ya ile miwili. Aliweka komeo dogo upande wa nje, na mpango ulikuwa dereva afungue zipu ya dirisha akiwa ndani, atoe mkono, alivute. Halima aliniambia kitu kama hicho, kwamba zipu ifunguke kwa ndani, na mimi nikampuuza. Miaka thelathini nimeshona sketi za shule. Kishikio cha zipu hukaa nje! Nani amewahi kuvaa sketi yenye kishikio ndani? Kwa wenzetu, mkwe na fundi wangesimama pamoja mbele ya gari, wajaribishe, wacheke, warekebishe. Sisi hatukuweza kusimama pamoja. Barasa aliijaribu milango akiwa nje, akaona imekaa sawa, akaniletea shukrani kupitia Halima. Na alipogundua kosa asubuhi ile akiwa kwenye usukani, hakusema kitu. Mkwe hamkosoi mama wa mke wake. Angekaa humo mpaka Maralal.

"Nani amekufungia?" polisi akauliza.

Barasa akaanza kupangusa vumbi kwenye usukani.

"Na huko nyuma ya kitambaa kuna nani?"

"Ni mzazi, afande. Mama wa bibi yangu. Sipaswi kumwangalia."

Polisi akaja nyuma, akafungua mlango, akanitazama kwa makini, mimi na kikapu changu.

"Mama, umetekwa ama unaenda kwa hiari?"

"Bado sijajua," nikamwambia, na sikuwa natania.

Akaenda kumfungulia Barasa, akamtoa nje. Akauona mfuko. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa mtupu. "Hii ni ya kubeba nini?" Barasa akatupa jicho upande wa leso, akamvuta polisi pembeni, wakazungumza kwa sauti ya chini. Sikusikia neno hata moja. Niliona tu polisi akivua kofia akijikuna kichwa, kisha akirudi kwangu na sura nyingine kabisa.

"Safiri salama, mama," akasema. Akanipa chupa ya maji, bado imefungwa. "Mungu atakuwa nawe."

Polisi wa barabarani kumpa mtu kitu. Niliishika ile chupa mpaka Nyahururu bila kuifungua.

Nyahururu na Rumuruti

Kuacha zipu wazi kungekuwa kunikosoa, kwa hiyo Barasa alikubali kufungiwa tena kila tulipoondoka. Nyahururu tulifunguliwa na mwuza petroli. Tulilala hapo, mimi kwa watawa, yeye mahali pengine, na asubuhi mtawa mmoja akatufungia kila mtu upande wake wa gari kama barua. Rumuruti tulifunguliwa na mwenye hoteli, mwanamke mnene mwenye aproni ya maua, aliyekuwa amemwona Barasa akimpungia mkono kupitia plastiki.

Nililetewa chai na mukimo wa viazi na mahindi ndani, nikageuza mgongo. Barasa alikula akiwa nje barazani, naye amegeuza mgongo. Mwenye hoteli akatutazama, akaja akaketi nami bila kukaribishwa.

"Mama, msamehe tu."

"Nimsamehe nani?"

"Mzee wako. Najua ni kijana, vijana ni hivyo, lakini amekuja na wewe mpaka hapa. Mwanaume asiyependa haendi safari."

Nikaweka mukimo chini. Nikamwambia yule ni mume wa mtoto wangu. Akajishika mdomo, akacheka mpaka machozi, akaomba msamaha mara nne. Mimi pia nilicheka kidogo, msiseme sina ucheshi. Kisha akauliza, "Na mtoto mwenyewe yuko wapi?" nami kicheko kikaniisha. Nikatazama kijipu pale nje, na ule mfuko ukining'inia mtupu ubavuni.

Nilipotaka kulipa, nikaambiwa Barasa ameshalipa. Na amenichukulia soda ya njiani.

Soda! Nilisimama pale nimeishika ile chupa. Nilitaka kuitupa. Mpaka leo sijui kwa nini nilipanda nayo garini.

Maralal hadi kwenye mchanga

Lami iliishia Maralal. Baada ya hapo ni mawe, na nitawaambia ukweli, hapo niliiona akili ya milango ile. Kule Komarock nimewahi kusikia milango ya chuma ya gari lile ikipiga kelele hata kwenye matuta ya mtaani. Turubai ilitikisika tu, ikatulia. Vumbi liliingia kidogo chini ya vipande vya tairi. Kulikuwa na ngamia, na wanawake wa Kisamburu wenye shanga mpaka mabegani, waliosimama kututazama tukipita bila madirisha yanayofunguka.

Mwendo wa kama saa mbili mbele kuna mto usio na maji, huko wanauita laga. Mchanga mtupu, mweupe, mpana kama uwanja. Tulifika katikati, magurudumu yakazama, injini ikazima.

Hapakuwa na mwuza petroli. Hapakuwa na mtawa wala polisi. Jua lilitupiga juu ya turubai na joto likaanza kupanda. Barasa alitazama zipu. Mimi nikatazama mlango wa nyuma.

Mwishowe akaliambia kioo, "Mtu ana kisu. Lakini mtu hawezi kukata kazi aliyoshonewa na mzazi."

Mimi nilikuwa na mkasi wangu mkubwa kikapuni, ule wa turubai. Ningeweza kumpitishia chini ya leso. Lakini nilikuwa nimemshika mahali ambapo hawezi kutoka, hawezi kupiga simu, hawezi kumvuta mtu pembeni, na nikajua kwamba tukifika haitakuwapo nafasi nyingine. Nikaivuta leso, ikakatika kamba. Nikafanya jambo ambalo sijawahi kufanya tangu amwoe mwanangu: nikamwita kwa jina lake.

"Barasa. Nekesa amekufa?"

Akageuka. Akanitazama usoni, kijana wa watu, jasho linamtiririka, macho mekundu kwa vumbi.

"Hapana, Mama. Yuko hai. Aliniapisha nisiseme kitu, alisema ukisikia vibaya utaanguka tena kama wakati ule wa mzee." Akajipangusa uso. "Anaumwa kidogo."

Anaumwa kidogo. Katika maneno yote ya Kiswahili, mkwe wangu alichagua yale yale. Labda hakuna mengine. Nilimtazama mdomo na sikumwamini hata herufi moja. Nilihisi miguu yangu mwenyewe ikipoa ndani ya joto lile. Niliogopa kumuuliza zaidi, naye alidhani nimetulia, akageukia mbele kwa heshima.

Basi tukatokewa na mwanamke na mbuzi wake. Alitoka ukingoni, akazunguka gari, akatukagua kama anayenunua. Barasa akamwonyesha kwa kidole, zipu, zipu! Yule mama akaishika, akaifungua polepole, akaifunga tena, akafurahi, akaifungua tena. Akaingiza kichwa ndani.

"Supa," akasema, ndiyo salamu ya kwao.

Tulilinasua gari sote watatu. Barasa alichimbua mchanga mbele kwa sufuria kisha akashika usukani, mimi na mama wa mbuzi nyuma tukisukuma. Sikumtazama tena. Nilimpa yule mama ile soda. Aliinywa yote akiwa amesimama pale pale.

Nyumba ya mwalimu

Shule ilionekana saa tisa: madarasa manne, tangi la maji, na mbele ya nyumba ya walimu, watu. Watu wengi. Wanawake wameketi chini kimya, wazee kwenye mabenchi, wanafunzi wamesimama kwa mistari. Mbuzi amefungwa mtini. Sufuria kubwa mekoni.

Mnajua matanga yanavyoonekana. Sikuhitaji kuelezwa.

Mwalimu mmoja alikimbia kutufungulia. Nilishuka na sikumsalimu. Nilipita katikati ya wale watu na wakanipisha, wote wakinitazama kwa upole, na ule upole ndio ulionimaliza. Mlangoni kulikuwa na viatu vingi. Mimi sikuvua vyangu. Ndani kulikuwa na giza baada ya jua lile. Niliona kitanda. Niliona shuka, na mguu mmoja umetokeza chini yake, mweupe, mnene, umenyooka juu ya kiti.

Nilianguka magotini nikaushika kwenye vidole.

Vidole vilikuwa moto. Vilikuwa na jasho! Kidole gumba kikacheza mkononi mwangu.

"Mamangu," sauti ikasema kutoka upande wa pili wa kitanda, "hata salamu hakuna, unaanzia miguuni?"

Sitaandika nililia namna gani. Waliokuwapo wanajua, na walikuwa wengi.

Alikuwa ameanguka kwenye bodaboda katika laga ileile, akavunjika mguu mahali pawili. Zahanati ya misheni ilimfunga plasta kutoka paja hadi kwenye vidole, mguu haukunjiki hata kidogo, na wakasema lazima arudi Nairobi akapigwe picha tena na labda apasuliwe. Hangeweza kukaa kwenye gari la abiria. Hangeweza kupanda kilima kunipigia, kwa hiyo mwalimu mwenzake ndiye aliyeandika zile "Mama" zote. Na wale watu nje walikuwa wazazi wa wanafunzi. Walikuja kumuaga mwalimu wao, na walinyamaza kwa sababu waliambiwa mama yake ana presha.

Plasta yote ilikuwa imeandikwa. Darasa zima liliandika majina yao, na mmoja alikuwa amefanya hesabu ya kugawanya karibu na goti. Ilikuwa sahihi, nilihakikisha.

Kurudi Buruburu

Asubuhi Barasa alimbeba mkewe mikononi mpaka kwenye gari. Mlango wa kushoto ulikuwa wazi. Akamkalisha kitini, akamgeuza taratibu, mguu ukanyooka kuelekea nje, kisha akaufunga mlango. Plasta ikaingia kwenye mfuko. Kisigino kikakaa juu ya kile kijiti cha chuma, vidole vikabaki kwenye uwazi wa juu vikipumua. Hakikupungua kipimo, hakikuzidi. Barasa alikuwa ameenda huko kwa lori kabla ya kuja langoni kwangu, akampima mguu kwa uzi, akarudi na uzi mfukoni, akauchora kwenye karatasi ya saruji.

Na mimi nilikuwa nimeushona huku nikimlilia.

Nilimwita pembeni ya gari, mbele ya watu wote, tukiwa tumesimama kila mmoja kama hatua tatu kutoka kwa mwenzake. Nilitazama ardhi na yeye akatazama ardhi, maana heshima haikufa kwa sababu ya mchanga wa laga.

"Zipu nilikosea mimi," nikasema. "Halima alinifikishia vizuri, mimi ndiye niliyekataa kusikia. Na mengine niliyokuwa nikikuwazia, hayo sitayasema, lakini unisamehe."

"Mama, mlango ni mzuri," akasema.

"Si mzuri. Pasha msumari moto."

Alipasha msumari kwenye meko, akatoboa tundu moja dogo kando ya zipu ya mlango wake, nami nikapitisha uzi niliokuwa nao, ule wenye nta, nikaufunga kwenye kishikio. Ukivuta kwa ndani zipu inafunguka. Turubai haisamehe tundu, lakini lile moja halikuniumiza hata kidogo. Barasa aliingia, akajifungia, akavuta uzi, akafungua, akatoka mwenyewe. Wanafunzi wakampigia makofi.

Nilifunga kitambaa chekundu kwenye mwisho wa mfuko, kama inavyofungwa kwa kitu chochote kinachotokeza nje ya gari. Mimi nilikaa nyuma, leso yangu imerudishwa mahali pake. Lakini niliikunja pembeni kidogo, upande wa kushoto tu, nipate kupenyeza mkono kando ya kiti cha Nekesa, ndani ya mfuko, mpaka kwenye vidole vyake. Hivyo ndivyo nilivyosafiri siku mbili, mkono umenyooka, bega linauma mpaka leo. Nekesa alilalamika namtekenya. Nikamwambia avumilie.

Nje ya Gilgil polisi alikuwa palepale. Alilitambua gari kwa mbali, akainua mkono, akaja akicheka, mpaka alipofika upande wa kushoto akaona vidole vitano vinamtazama.

"Ndiye huyu?" akamuuliza Barasa.

"Ndiye, afande."

Akainama, akanichungulia kupitia nafasi ya leso.

"Na wewe mama, leo umetekwa ama unaenda kwa hiari?"

"Afande," nikamwambia, "wewe shika kwanza hivi vidole."

Alisita, akatazama kushoto na kulia, akavua kofia akaishikilia kwapani. Akavishika kwa mkono mzima.

"Ni moto," akasema.

"Haya," nikamwambia. "Sasa tufungulie njia, tufike nyumbani kabla havijapoa kwa baridi ya Limuru."